Akaunti ya mtoto: Riba ndogo inavyokula akiba ya karo

WAKULIMA wa majani chai wanapokaribia kupokea bonasi ya mwaka, kwa kawaida mwezi Oktoba, maafisa wa mauzo wa benki na sacco huwa wengi sokoni na kwenye vituo vya kununulia majani. Miongoni mwa karatasi wanazogawa haikosi moja yenye picha ya mtoto anayetabasamu. Ujumbe wake ni ule ule kila mwaka: mfungulie mwanao akaunti leo, weka kidogo kidogo, na atakapoingia chuo kikuu karo itakuwa tayari inamsubiri.

Ahadi hiyo si ya uongo. Pesa zitakuwepo. Swali ambalo wazazi wachache huuliza ni pesa hizo zitanunua nini siku hiyo ikifika.

Akaunti za watoto si jambo geni nchini Kenya. KCB ina akaunti ya Cub, Co-operative Bank ina Jumbo Junior, Family Bank ina Mdosi Junior, na sacco nyingi za wakulima, hata zile ndogo za vijijini, zina akaunti ya aina hiyo kwa jina hili au lile. Utaratibu wake unafanana. Mzazi huja na kitambulisho, nambari ya PIN ya KRA na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kisha yeye ndiye hutia sahihi mpaka mtoto atimize miaka 18. Mara nyingi hakuna ada ya kila mwezi. Kutoa pesa huruhusiwa mara chache tu kwa mwaka, na anayezidisha hupoteza riba ya kipindi hicho. Aidha, riba yenyewe huanza kuhesabiwa baada ya akiba kupita kiwango fulani, jambo ambalo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi.

Haja ya akiba ya muda mrefu ipo, na inaongezeka. Elimu ya msingi ya bure ilianza mwaka 2003 na serikali ikaanza kulipia masomo ya shule za upili za kutwa mwaka 2008, kwa hivyo mzigo wa miaka ya mwanzo umepungua ikilinganishwa na enzi za wazazi wenyewe. Lakini mzigo haukuondoka, ulisogezwa mbele. Shule ya kitaifa ya bweni imekuwa na karo rasmi ya Sh53,554 kwa mwaka, bila kuhesabu sare, godoro, sanduku na nauli. Nao mpango mpya wa kufadhili vyuo vikuu ulioanza mwaka 2023 unaipangia kila familia sehemu yake ya kulipa kulingana na uwezo wake. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu ataanza kumgharimu mzazi pesa nyingi akiwa na umri wa miaka 15 hivi, na gharama itafika kilele akiwa na 18 au 19. Huo ni muda mrefu wa kutosha kwa pesa kukua. Pia ni muda mrefu wa kutosha kwa pesa kuliwa.

Hesabu ya miaka 18

Chukua mzazi anayeweka Sh1,000 kila mwezi tangu mtoto azaliwe hadi atimize miaka 18. Hiyo ni miezi 216, na jumla ya pesa alizotoa mfukoni ni Sh216,000. Chukua pia kwamba benki inamlipa riba ya asilimia 3.5 kwa mwaka, kiwango ambacho si kigeni kwa akaunti za akiba. Kabla ya riba hiyo kumfikia, benki hukata kodi ya asilimia 15 na kuipeleka KRA. Kinachobaki ni chini kidogo ya asilimia 3.

Mwisho wa miaka 18 akaunti itakuwa na karibu Sh285,000. Kwa macho, mzazi amepata faida ya Sh69,000, na afisa wa benki atampongeza.

Sasa iangalie bei ya vitu. Ikiwa bei zitapanda kwa wastani wa asilimia 6 kwa mwaka, na Kenya imeona miaka iliyozidi hapo, basi bidhaa ya Sh100 leo itauzwa takriban Sh285 wakati huo. Maana yake ni kwamba zile Sh285,000 zitanunua kile ambacho Sh100,000 zinanunua leo. Ukizipima kwa njia hiyo hiyo zile Sh1,000 za kila mwezi, kwa kuwa shilingi ya mwaka wa kumi ni nyepesi kuliko ya mwaka wa kwanza, mzazi alitoa mali yenye thamani ya Sh133,000 za leo. Alitoa mali ya Sh133,000, akarudishiwa ya Sh100,000. Robo nzima imeyeyuka, na hakuna mtu aliyeiba.

Mzazi yule yule akipata asilimia 10 kwa mwaka baada ya kodi, riba ikiongezwa juu ya akiba kila mwezi, Sh1,000 zake zitafika karibu Sh600,000. Kwa thamani ya leo hizo ni Sh210,000. Tofauti hii haikuletwa na kujinyima zaidi, maana kiasi alichoweka hakikubadilika. Ililetwa na mahali pesa zilipokaa.

Ulinzi uliokuja ukaondoka

Kuna wakati sheria ilijaribu kumlinda mwekaji mdogo. Marekebisho ya Sheria ya Benki yaliyotiwa sahihi Agosti 2016 yanakumbukwa zaidi kwa kuweka kikomo cha riba ya mikopo. Wengi wamesahau kwamba sheria hiyo ilikuwa na upande wa pili: ilizitaka benki zilipe akiba riba isiyopungua asilimia 70 ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu. Kiwango hicho kikiwa asilimia 10, mwekaji alistahili angalau asilimia 7.

Benki hazikukaa kimya. Baadhi zilibadilisha majina ya akaunti, ile ya akiba ikawa akaunti ya shughuli za kila siku, ambayo sheria haikuigusa. Hata hivyo ulinzi huo ulionekana katika takwimu. Wastani wa riba ya akaunti za akiba nchini ulikaribia asilimia 7 mwisho wa 2017. Kisha Sheria ya Fedha ya 2018 ikaiondoa sehemu hiyo, na mwaka 2019 kikomo cha riba ya mikopo nacho kikafutwa. Kufikia mwisho wa 2020 wastani wa riba ya akiba ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 3. Bei za vitu hazikungoja: mwaka 2022 na 2023 mfumko wa bei ulipita asilimia 7 kwa wastani wa mwaka.

Mzazi aliyefungua akaunti mwaka 2017 kwa kuona riba nzuri hakupigiwa simu kuambiwa kwamba mambo yamebadilika. Huo ndio udhaifu mkubwa wa akaunti hizi. Mzazi hujifunga kwa miaka 18, benki haijifungi kwa chochote. Riba inaweza kubadilishwa wakati wowote, na anayetaka kujua inabidi aulize mwenyewe.

Mkulima hana mshahara

Mipango mingi ya akiba ya watoto ilibuniwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Inadai kiasi sawa kila mwezi, tarehe moja, kwa agizo la kudumu. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia hupata pesa baada ya mavuno, na wakati huo huo mwezi Januari unamdai karo, mbolea na deni la trekta. Mfugaji wa maziwa hulipwa na chama cha ushirika kila mwezi, lakini kiangazi kikibana malipo hupungua kwa nusu. Mfanyabiashara wa mitumba ana wiki ya kicheko na wiki ya kilio.

Kwa akaunti ya kawaida ya benki hilo si tatizo kubwa, maana mwezi ukirukwa haukuletei adhabu kubwa. Tatizo ni sera za bima ya elimu, ambazo huuzwa bega kwa bega na akaunti hizi na wakati mwingine na wakala yule yule, kiasi kwamba wazazi hudhani ni kitu kimoja. Bima ya elimu ina manufaa yake: mzazi akifariki, kampuni huendelea kugharamia mpango wa mtoto. Isitoshe, KRA humpunguzia kodi anayelipia sera ya elimu ya miaka 10 au zaidi, kwa asilimia 15 ya malipo yake, isizidi Sh60,000 kwa mwaka. Lakini punguzo hilo ni la mtu anayelipa kodi ya mapato kwanza, na wakulima wengi wadogo hawamo kwenye orodha hiyo. Nayo sera ikikatika katika miaka ya mwanzo kwa sababu mvua haikunyesha, mzazi anaweza kurudishiwa kidogo sana au asipate kitu. Anayetegemea msimu afikirie mara mbili kabla ya kuahidi kulipa kila mwezi kwa miaka 15.

Mtamba na mkaratusi

Wazee wengi wakisikia habari hizi husema wao waliweka akiba kwa njia nyingine. Walimpa mtoto mtamba, au walipanda miti alipozaliwa. Si vyema kuwacheka. Mtamba hufuata bei ya soko, kwa hivyo mfumko wa bei haumli. Huzaa, na ndama wake ni riba. Kilichomwangusha mtamba kama akaunti ya akiba ni kwamba anaweza kufa usiku mmoja kwa homa ya kupe, anakula kila siku awe na maziwa au asiwe nayo, na haugawanyiki. Ukihitaji Sh8,000 za sare huwezi kuuza mguu mmoja.

Miti ina subira zaidi. Mikaratusi iliyopandwa kwenye kijisehemu kisichofaa mahindi hukomaa kwa muda unaolingana kabisa na safari ya mtoto kutoka chekechea hadi shule ya upili, na hukatwa ikachipuka tena. Familia nyingi za Bonde la Ufa na Magharibi zilisomesha watoto kwa nguzo za umeme. Kisha kampuni ya umeme ikaanza kutumia nguzo za saruji, na waliokuwa wametegemea mnunuzi mmoja wakabaki kuuza kuni. Miti bado ni akiba nzuri kwa mwenye nafasi, ila isiwe peke yake.

Pahali pengine pa kuweka

Akaunti ya mtoto ina kazi moja inayoifanya vizuri kuliko vyote vilivyotajwa: kukusanya. Inapokea Sh200 leo na Sh5,000 mwezi ujao, na kwa kuwa kutoa pesa kuna vizuizi, inamkinga mzazi dhidi ya haja zake mwenyewe na za shemeji. Kosa ni kuzikusanya na kuziacha hapo kwa miaka 18.

Zikishafika kiasi cha maana, kuna mahali pengine. Hatifungani za serikali hununuliwa Benki Kuu kuanzia Sh50,000 kwa zile za kawaida, na tangu 2023 mnunuzi anaweza kujisajili na kununua kwa simu kupitia mfumo wa DhowCSD bila kumlipa dalali. Serikali hulipa riba kila baada ya miezi sita, na mtaji hurudi siku iliyoandikwa. Kodi ya riba ni asilimia 15, au 10 kwa hatifungani za miaka 10 na zaidi. Zile za miundombinu hazitozwi kodi kabisa. Moja ya hizo, iliyouzwa Februari 2024, ililipa zaidi ya asilimia 18. Hali hiyo haikuwa ya kawaida, na anayeambiwa kwamba itadumu anadanganywa; Benki Kuu ilianza kushusha kiwango chake mwezi Agosti mwaka huo huo na riba zikafuata. Lakini aliyenunua Februari alifungiwa asilimia 18 zake mpaka mwisho. Hapa, kinyume na akaunti ya akiba, anayejifunga ni yule anayekopa.

Faida kwa mzazi ni kwamba anaweza kulinganisha tarehe. Mwenye mtoto wa miaka 5 akinunua hatifungani ya miaka 10, mtaji utarudi mtoto akiwa kwenye mlango wa shule ya upili ya juu. Hatari iko kwa anayelazimika kuuza kabla ya muda, kwa sababu bei sokoni inaweza kuwa chini ya aliyonunulia. Hatari nyingine ni ndogo lakini ya kweli zaidi kijijini. Mwenye hatifungani ya Sh100,000 inayolipa asilimia 12 bila kodi hupokea Sh6,000 kila nusu mwaka kwenye akaunti yake ya benki. Zikiingia kwenye akaunti ya matumizi wiki ya kununua mbolea, haziwi tena za mtoto. Heri aelekeze riba hiyo irudi kwenye akaunti ile ile ya mtoto mpaka zitoshe kununua nyingine.

Kwa asiye na Sh50,000 kwa mkupuo, kuna fedha za pamoja za soko la fedha zinazosimamiwa na kampuni zilizosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Nyingi huanza na kiasi kidogo na hupokea pesa kwa M-Pesa, na mwaka 2024 kadhaa zililipa zaidi ya asilimia 10 kabla ya kodi. Riba yake hupanda na kushuka na haina dhamana. Serikali yenyewe iliwahi kujaribu kumfikia mwekaji mdogo mwaka 2017 kwa M-Akiba, hatifungani ya Sh3,000 iliyouzwa kwa simu kwa riba ya asilimia 10 bila kodi. Wakati wa mauzo makuu ilipata karibu robo tu ya Sh1 bilioni iliyolengwa. Ilikuwa bidhaa nzuri iliyofika kwa watu ambao hakuna aliyekuwa amewaeleza hesabu ya miaka 18.

Sacco nazo zina nafasi yake, hasa kwa mkulima ambaye malipo yake hupitia huko. Lakini riba kubwa iulizwe imetoka wapi. Ukaguzi wa vitabu vya muungano wa sacco, KUSCCO, uliofichuliwa mapema 2025, ulionyesha kupotea kwa Sh13.3 bilioni, na sacco zilizokuwa zimeweka pesa huko zikaumia. Bima ya amana ya KDIC, ambayo tangu Julai 2020 hulipa hadi Sh500,000 kwa kila mwekaji benki ikifilisika, inahusu benki na taasisi ndogo za fedha zilizosajiliwa na Benki Kuu. Sacco haimo. Hata kwenye benki bima haina maana ya kulipwa kesho yake: wateja wa Imperial Bank, iliyowekwa chini ya mrasimu Oktoba 2015, na wa Chase Bank, Aprili 2016, walingoja miaka ili kupata sehemu ya pesa zao.

Jina kwenye kitabu

Lipo jambo ambalo halihusu riba, na limewaponza wengi. Akiba ikiwa katika jina la baba peke yake na baba akafariki, benki huizuia mpaka familia ilete hati za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Shauri linaweza kuchukua miezi au miaka huku muhula ukianza kama kawaida, na ndugu wa marehemu nao wana yao ya kusema. Akaunti iliyo katika jina la mtoto, mzazi akiwa mdhamini tu, ina nafuu, kwa kuwa pesa si sehemu ya mali ya marehemu. Hata hivyo mtu mwingine lazima atambuliwe ili atie sahihi. Baadhi ya benki hukubali wazazi wote wawili, au mzazi na mtu mwingine, waandikwe tangu siku ya kwanza. Fomu nyingi zina nafasi hiyo na wazazi wengi huiacha wazi.

Mtoto naye ajue. Uingereza ilikuwa na mpango wa serikali ulioipa kila familia mchango wa kuanzisha akiba ya mtoto aliyezaliwa kati ya Septemba 2002 na mwanzoni mwa Januari 2011. Walengwa wa kwanza walitimiza miaka 18 mwaka 2020. Kufikia 2024 zaidi ya vijana 670,000 walikuwa hawajachukua pesa zao, wengi kwa sababu hawakujua kama zipo au ziko benki gani. Hiyo ni nchi ambayo kumbukumbu zake zimo kwenye kompyuta. Kwa familia ambayo kitabu cha benki kimefungwa ndani ya karatasi ya nailoni juu ya kabati, si vigumu kufikiria.

Na akijua, siku atakapopata kitambulisho ataweza kuzitoa zote. Kuna wanaonunua bodaboda. Wazazi wanaoliogopa hilo huweka hatifungani kwa jina lao wenyewe na kuiacha akaunti ya mtoto ikiwa na kiasi kidogo cha muhula mmoja, huku mama na baba wote wawili wakijua nambari za akaunti zote na karatasi moja yenye orodha hiyo ikiwekwa kwa mtu wa tatu wanayemwamini. Mkulima atakayepokea bonasi Oktoba hii anaweza kumuuliza afisa wa benki maswali matatu kabla ya kutia sahihi: riba ni asilimia ngapi baada ya kodi, ililipwa ngapi mwaka jana na mwaka juzi, na nani atatia sahihi iwapo yeye hatakuwepo. Majibu yaandikwe, yatiwe muhuri.